Punguzo la mteja aliyekwisha kuondoka

Duka lenyewe liko komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Linauza saruji, mabati, misumari, rangi na mabomba, na sehemu kubwa ya mzigo inaingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwenye kaunta anakaa mama mmoja na laptopu ya zamani, na ndani ya laptopu hiyo mna programu ya mauzo niliyoiandika mimi kwa lugha ya Java. Nilichagua programu ya kukaa ndani ya mashine, ya Swing (maktaba ya Java ya kuchora madirisha na vitufe), kwa sababu umeme unakatika bila kuaga na intaneti inaondoka nao. Programu ya aina hiyo inaendelea na kazi maadamu betri bado ina chaji.

Siku moja patroni, mwenye duka, alinipigia simu. "Mwanangu, kuya hapa dukani. Mama wa kaunta anawagawia watu punguzo bila ruhusa yangu."

Sheria ya duka lile ni moja: punguzo anatoa patroni peke yake, na kila analotoa analiandika kwa mkono kwenye daftari lake. Alikuwa amelinganisha daftari na orodha ya mauzo iliyotoka kwenye programu, akakuta fakitire, yaani ankara, zenye punguzo la asilimia 10 au 15 ambazo hazimo daftarini. Tayari alikuwa amekata sehemu ya mshahara wa yule mama. Mama hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Yaya, mimi sijaandika hata moja. Ile nafasi ilikuwa mweupe." (Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.)

Nami nilimjibu kwamba kama namba imo kwenye hifadhidata, basi kuna mtu aliiingiza. Sentensi ile bado inaniuma. Ndiyo sababu naandika kisa hiki kirefu kuliko kosa lenyewe, maana kosa lilikuwa ndani ya kitanzi, msimbo unaorudia hatua ileile kwa kila kitu kwenye orodha, cha mistari minane, na kitanzi kama hicho nimeshakiona kwenye programu za watu wengi.

Fomu ya mauzo ina kitufe kiitwacho "Mteja mpya". Kazi yake ni kusafisha skrini baada ya mteja mmoja kuondoka, ili anayefuata aanze na karatasi tupu. Mwanzoni fomu ilikuwa paneli moja yenye nafasi tano za kuandikia, na msimbo wa kitufe ulikuwa huu:

for (Component k : paneli.getComponents()) {
    if (k instanceof JTextField) {
        ((JTextField) k).setText("");
    }
}

Ni msimbo wa kawaida sana. Kila kinachoonekana kwenye skrini ya Swing ni obujekti: nafasi ya kuandikia, kitufe, maandishi, paneli yenyewe. Zote ni wajukuu wa klasi moja iitwayo Component, kwa hiyo unaweza kuziweka kwenye orodha moja na kuzipitia kwa kitanzi kimoja bila kujali kila moja ni ya aina gani. Ukitaka kujua aina, unauliza kwa instanceof. Kwa fomu ile ndogo, kitanzi kilifanya kazi bila lawama.

Kisha duka likakua. Patroni akaomba habari za mteja ziwe upande wake, habari za malipo upande wake, na habari za usafirishaji kwenye kichupo cha pili. Nikazipanga ndani ya paneli nyingine, na paneli hizo ndani ya JTabbedPane, chombo cha vichupo. Siku iliyofuata, ukibonyeza "Mteja mpya" hakuna kinachofutika. Sababu ni kwamba getComponents hukupa watoto wa paneli uliyoiuliza, basi. Wajukuu haikupi. Paneli kubwa sasa ilikuwa na mtoto mmoja tu, yule JTabbedPane, ambaye si nafasi ya kuandikia, na kitanzi kikamaliza safari yake papo hapo bila kulalamika.

Kosa hilo halikumdhuru mtu. Jina la mteja wa kwanza lilibaki wazi kwenye skrini, mama akaliona, akalifuta kwa mkono, akanipigia simu, na jioni ileile nikatengeneza. Nilikifanya kitanzi kijiite chenyewe: kikikuta chombo, kiingie ndani yake na kuanza upya.

void safisha(Container chombo) {
    for (Component k : chombo.getComponents()) {
        if (k instanceof JTextComponent)
            ((JTextComponent) k).setText("");
        else if (k instanceof Container)
            safisha((Container) k);
    }
}

Nilibadilisha JTextField kuwa JTextComponent kwa sababu nafasi ya maelezo marefu ni JTextArea, na JTextArea hairithi kutoka kwa JTextField. Wote wawili ni watoto wa JTextComponent. Nilijaza kila nafasi, nikabonyeza kitufe, skrini nzima ikawa nyeupe. Nikaondoka nimeridhika.

Kulikuwa na kosa jingine siku zile, nalo nalitaja kwa sababu ni la familia hiyohiyo. Kila bidhaa inayouzwa inaongeza mstari mpya kwenye paneli ya bidhaa, na mstari huo ni paneli ndogo. Nilikuwa naondoa mistari kwa kuhesabu mbele: i ni 0, ondoa wa i, ongeza i, endelea mpaka i ifikie idadi iliyopo. Chukua mistari sita: saruji, misumari, bati, rangi, bomba, waya. i ikiwa 0 inatoka saruji, na wote waliobaki wanasogea nafasi moja mbele. Misumari sasa imekaa kwenye 0. i inakuwa 1, na aliyekaa pale ni bati. Inatoka bati. i inakuwa 2, inatoka bomba. i inakuwa 3, iliyobaki ni mistari 3, kitanzi kinasimama. Misumari, rangi na waya bado vipo. Ukienda kinyumenyume kutoka mwisho, hakuna anayesogea chini ya kidole chako. Au ita removeAll, kisha revalidate na repaint ili skrini ichorwe upya, uache kuhesabu kabisa. Hilo nalo mama aliliona siku ya kwanza, maana mistari mitatu ya mtu mwingine haijifichi.

Turudi kwenye punguzo.

Nilisoma msimbo nyumbani usiku mbili. Nilijaza fomu, nikasafisha, nikajaza tena, nikatoa fakitire: kila kitu sawa. Nikarudia mara kumi, sawa. Ningeweza kumwandikia patroni kwamba programu haina kasoro, na nadhani wengi wetu hapo ndipo tunapoishia. Badala yake Jumamosi nilikwenda dukani nikakaa kwenye kigoda nyuma ya mama, tangu asubuhi, bila kugusa kitu.

Kazi yake haikufanana na majaribio yangu. Mimi nilikuwa najaza kila nafasi, hata punguzo, nikiandika 0 pale lisipokuwepo. Yeye ana watu saba mbele ya kaunta na kijana anayepakia anasubiri karatasi. Nafasi isiyomhusu haigusi. Anachagua bidhaa kwa kipanya, anaandika idadi, anabonyeza kitufe cha kuchapa. Punguzo analifikia siku patroni amesema tu.

Kama saa nne hivi akaja fundi mjenzi aliyenunua mabati 40, patroni akatoa asilimia 15 kwa mdomo na kuandika kwenye daftari. Mama akaingiza 15, akachapa, akabonyeza "Mteja mpya". Nafasi ya punguzo ikawa nyeupe kama alivyoniambia. Aliyefuata alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, alitaka kilo 2 za misumari na makopo ya rangi. Mama wa kaunta akaandika jina, kidole chake kikagonga Tabu mara mbili badala ya moja, mshale wa kuandikia ukaingia kwenye nafasi ya punguzo na kutoka. Kwenye nafasi ile nyeupe ikatokea 15.

Hakuna aliyeiandika. Nilimwomba asiguse kitu. Akageuka akaniangalia, akasema polepole, "Unaona, Yaya?"

Nafasi ya punguzo si JTextField ya kawaida. Ni JSpinner, kile kisanduku chenye vishale viwili vya kupandisha na kushusha namba, nami nilikiwekea mipaka ya 0 hadi 20 ili mtu asikosee akaandika 150. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa ndani ni chombo chenye watoto: vitufe viwili vya vishale, na paneli ndogo ya mhariri, ambayo nayo ndani yake ina JFormattedTextField. Na JFormattedTextField inarithi kutoka kwa JTextField.

Kitanzi changu kilipofika kwa JSpinner kiliuliza: wewe ni JTextComponent? Hapana. Wewe ni Container? Ndiyo, kwa sababu kila JComponent ni Container, hata kitufe. Kikaingia ndani. Kikapita vishale, kikaingia kwenye mhariri, kikakuta JFormattedTextField, kikauliza swali lilelile na safari hii kikajibiwa ndiyo. Kikafuta maandishi yake.

Lakini maandishi ya JSpinner siyo thamani yake. Thamani inakaa kwenye modeli, obujekti ya pembeni inayoshika namba yenyewe, na modeli haikuambiwa lolote. Kwa modeli punguzo ni 15 mpaka mtu aite setValue au aandike namba nyingine inayokubalika. Maandishi matupu si namba, kwa hiyo hayakubaliki. Mshale ukiingia na kutoka, nafasi inajaribu kuyakubali, inashindwa, inarudisha thamani ya mwisho iliyo halali. Ndiyo 15 tuliyoiona ikitokea. Na mshale usipoingia kabisa, nafasi inabaki nyeupe, na fakitire inapouliza getValue inapewa 15.

Usiku nyumbani nilikuwa naandika 0 kila mara. Zero yangu ndiyo iliyokuwa inamsafisha modeli, wala si kitanzi.

Naomba msomaji asimame kidogo hapa. Kosa la kwanza, la kutofuta kitu, lilikuwa baya zaidi kwa hesabu ya nafasi, lakini skrini ilisema kweli. Kosa hili la punguzo lilifuta karibu kila kitu, na skrini ikasema uongo. Yule mama alikuwa anatazama mahali patupu na kuamini macho yake, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya, na kwa kuamini huko akakatwa mshahara.

Nilipokuwa nimekaa pale nikakumbuka kumuuliza kama kuna kitu kingine programu inafanya ambacho yeye amekizoea. Akanionyesha sarafu. Duka linapokea franka na dola, na fomu ina vitufe viwili vya duara, unachagua kimoja. "Hii haifutike. Mutu wa mbele akilipa dola, inabakia dola. Mimi naangaliaka kila saa." Alikuwa hajanilalamikia kwa sababu alidhani ndivyo nilivyotaka.

Kwa kweli nilikuwa nimeandika msimbo wa kuvifuta: ukikuta JRadioButton, ita setSelected kwa jibu la hapana. Haukufanya kazi hata siku moja. Vitufe vya duara vikishafungwa pamoja kwenye ButtonGroup, kundi linalinda sheria yake: aliyechaguliwa haachi kuchaguliwa kwa kujikana mwenyewe, mpaka mwenzake achaguliwe au kundi lenyewe liambiwe clearSelection. Na ButtonGroup si komponenti, yaani si mmoja wa wale wajukuu wa Component. Haina umbo, haichorwi, haimo ndani ya paneli yoyote. Ungeweza kuupitia mti mzima wa skrini, tawi kwa tawi hadi jani la mwisho, usikutane nayo kamwe.

Hapo nikaelewa kwamba sikuwa na kosa moja la kuziba. Nilikuwa napitia orodha isiyo yangu. Mti wa komponenti ni wa mchoraji: unasema nini kimo ndani ya nini ili skrini ipate kupangwa na kuchorwa. Una vitu nisivyovijua, kama mhariri aliyejificha ndani ya JSpinner, na unakosa vitu ninavyovihitaji, kama kundi la sarafu. Mimi nilikuwa nataka orodha ya maswali ambayo fomu inamuuliza mteja: jina, bidhaa, idadi, punguzo, sarafu, gari la kupeleka mzigo. Orodha hizo mbili zilifanana siku ya kwanza, fomu ilipokuwa paneli moja, na kufanana huko ndiko kulikonidanganya.

Ningeweza kuongeza instanceof nyingine juu ya zile zilizopo: JSpinner kwanza, usiingie ndani yake, mwekee thamani ya mwanzo, JComboBox (orodha ya kuchagua), mpe setSelectedIndex ya -1, na kadhalika. Watu wengi wanafanya hivyo na inaenda. Siipendi, kwa sababu mpangilio wa maswali unakuwa siri ya msimbo. Ukiuliza la jumla kabla ya la pekee, la pekee halifikiwi, na anayekuja baada yako hawezi kujua. Tena kila aina mpya ya komponenti inakulazimu kurudi kwenye kitanzi kilekile kukiongezea tawi, wakati faida kubwa ya obujekti ni kwamba kila kimoja kinaweza kujua kazi yake chenyewe.

Kwa hiyo niliandika intafesi, yaani ahadi ya kazi ambayo obujekti inakubali kuifanya, yenye methodi (kazi) moja:

interface Sehemu {
    void safisha();
}

Fomu ikapata orodha yake ya Sehemu. Kwa kuwa intafesi ina methodi moja tu, Java 8 inakuruhusu kuandika kila sehemu kwa mstari mmoja:

sehemu.add(() -> jina.setText(""));
sehemu.add(() -> punguzo.setValue(0));
sehemu.add(() -> sarafu.clearSelection());

Na kitufe cha "Mteja mpya" kikabaki na hiki:

for (Sehemu s : sehemu) s.safisha();

Hakuna instanceof, hakuna kujiita, hakuna kuingia ndani ya kitu cha mwenzako. Sarafu, ambayo si komponenti, imo kwenye orodha pamoja na jina na punguzo, kwa sababu orodha haijali umbo la mtu. Inajali kwamba anajua kujisafisha. Punguzo linarudi 0 kwenye modeli, na modeli ndiyo inayoiambia skrini, kwa mpangilio unaotakiwa.

Kwa sarafu nilifanya uamuzi ambao patroni hakuupenda mwanzoni. Baada ya kusafisha hakuna sarafu iliyochaguliwa, na kitufe cha kuchapa kinakataa mpaka mama achague. Patroni alitaka franka iwe ya kuanzia ili foleni isonge. Nilimwambia, "Papa, bonyezo moja kwa kila mteja ni kidogo kuliko dola kuandikwa franka." Alikubali baada ya kufikiri.

Orodha yako mwenyewe ina udhaifu mmoja, nao ni mkubwa: unaweza kusahau kumwandikisha mtu. Ukiongeza nafasi kwenye paneli ukasahau kuiongeza kwenye orodha, umerudi palepale. Dawa niliyotumia ina sehemu mbili. Kwanza, nafasi haiundwi tena mahali popote. Kuna methodi moja, ongezaMaandishi, inayounda nafasi, kuiweka kwenye paneli na kuiandikisha kwenye orodha kwa pamoja, na nyingine kama hiyo kwa namba. Pili, ule mti wa komponenti niliokuwa nausafisha bila haki nimeupa kazi inayoufaa, ya ulinzi. Katika majaribio, kitanzi kinaupitia mti wote. Kikikuta sehemu iliyoandikishwa hakiingii ndani yake, na kikikuta nafasi yoyote ya kuandikia ambayo haijaandikishwa, jaribio linaanguka na kutaja jina la paneli. Kinasoma tu, hakigusi kitu.

Ingekuwa programu ninayoianza leo, ningeenda mbali zaidi: kila mteja apewe obujekti mpya ya Mauzo, skrini iwe dirisha tu la kuitazama. Lakini duka lilikuwa linauza, na sikutaka kuvunja nyumba watu wakiwa ndani.

Jumatatu nilikaa na patroni na daftari lake. Tulitafuta fakitire yenye punguzo isiyomo daftarini, kisha tukaangalia fakitire iliyotangulia. Zilikuwa 11, na zote 11 zilikuwa na asilimia ileile ya fakitire iliyozitangulia, na ukirudi nyuma moja baada ya nyingine unafika kwenye iliyomo daftarini. Hakukuwa na hata moja iliyosimama peke yake. Patroni alizipitia mara mbili kwa kalamu, akaita jina la mama kutoka ofisini, akamrudishia alichomkata mbele ya vijana wa kupakia, kwa sababu na shutuma ilikuwa imetolewa mbele yao. Mimi niliomba radhi kwa ile sentensi yangu ya hifadhidata. Alinijibu, "Iko sawa, Yaya. Lakini siku ingine uniulize mimi mbele ya kuuliza mashini."

Mwezi uliofuata waliomba nafasi ya maelekezo ya dereva, maana nyumba nyingi za komini ya Katuba hazipatikani kwa namba. Niliiweka kwa haraka usiku, JTextArea ndani ya JScrollPane, kwa mkono, bila kupitia ongezaMaandishi. Jaribio likaanguka kabla sijafunga laptopu: paneli ya usafirishaji, nafasi moja haijaandikishwa.